Baba Alipoigiza Mchoyo

Ukiitafuta ile filamu kwenye simu utaipata, ingawa sitakutajia jina lake kwa sababu baba atataka kujua uliitazamia wapi na kwa nini hakualikwa. Ni filamu fupi ya kuchekesha, iliyopigwa huku kwetu kijijini Ziwa na vijana waliotoka Eldoret mjini na kamera ya kuazima. Inahusu mzee mchoyo anayebadilika. Baba ndiye mzee mchoyo. Utamjua kwa koti. Anatembea kando ya josho la ng'ombe akiwa amevaa koti refu la kahawia, anateleza, anaangukia majini bila koti, anavutwa nje akiwa amelowa chepechepe, na picha inayofuata amelivaa tena, kavu kabisa, vifungo vyote vimefungwa.

Watu wakifika hapo hucheka mpaka wanashikana mabega. Wanadhani ni ujanja wa mwongozaji. Mimi ndiye niliyekuwa nimelishika lile koti, kwa hiyo ninajua ilivyokuwa. Baba alifika ukingoni, akasimama, akaiambia kamera isubiri, akavua koti, akalikunja vizuri na kunipa nisimame nalo mbali na maji. Kisha akarudi pale pale, akaanguka.

Nimeanza na koti kwa sababu ukishajua habari yake umemjua baba nusu. Nusu ya pili ni kiti.

Kiti chenyewe ni cha mbao, cha mikono miwili, na kina mto ambao niliushona mwenyewe kwa vitambaa vilivyobaki kazini. Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda mjini ninaposhona sare za shule, na ninaishi huko huko, mtaa wa Pioneer, lakini nyumbani ni Ziwa. Hicho kiti hakikaliwi na mtu mwingine. Baba akiwa ametoka, kinabaki hapo barazani peke yake kama mgeni wa heshima, na sisi tunakaa kwenye benchi tukikitazama. Kuna mchungaji mgeni aliyewahi kukikalia bila kujua. Baba alisimama mbele yake, akamkazia macho tu, na ile sala ya kufungua ndiyo fupi kuliko zote zilizowahi kusaliwa nyumbani kwetu.

Ana thamosi yake ya chai ambayo haimiminiwi mtu. Sukari inalala chumbani kwake chini ya kitanda, mpaka leo. Kuku akichinjwa, firigisi ni yake na haulizwi. Mama hulichukulia jambo hilo kwa utulivu mkubwa. Anasema hakudanganywa, kwa sababu siku ya kwanza baba alipomtembelea kwao alimletea ndizi moja, na walipokuwa wakiongea akaimenya akala nusu.

Nampenda baba. Naomba hilo likae mapema, maana kuanzia hapa nitamsema sana.

Sasa, geti. Baba na mdogo wake walirithi shamba moja kwa babu, likagawanywa katikati. Baba alipata sehemu ya juu karibu na barabara, baba mdogo akapata sehemu ya chini karibu na mto. Njia ya miguu ilipita bomani kwetu, ikashuka kati ya mahindi hadi kwake. Watu wa huko chini wote walipita hapo wakienda sokoni au wakipeleka maziwa, na kwetu mpita njia hapiti hivi hivi. Anasalimiwa, anaulizwa habari za ng'ombe na za watoto, anapewa chai. Baba alikuwa akikaa kwenye kiti chake akiona vikombe vikitoka jikoni, na kila kikombe kilikuwa kinamchoma. Halafu siku moja ndama wa baba mdogo akaingia kwenye kabeji zetu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kufurahia hasara vile. Baba alipata sababu aliyokuwa akiitafuta. Akaweka geti pale njia inapoanza kushuka, akalifunga kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo akautia kwenye kamba, akauvaa shingoni.

Baba mdogo naye ni mtoto wa baba yule yule. Hakuomba. Akaanza kuzunguka na mitungi yake kwa barabara ya murramu, mvua ikinyesha au isinyeshe, na mara nyingine alifika kituo cha maziwa watu wameshafunga, akarudi nayo yote. Wale ndugu wakaacha kusalimiana. Wakikutana sokoni Ziwa, mmoja alikagua mahindi na mwingine akakagua viatu vyake.

Lakini aliyeumia hakuwa baba mdogo. Aliyeumia ni kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya yetu, mama yao wote wawili. Anaishi kwetu, katika nyumba ndogo kando ya jikoni. Miguu yake imechoka. Kushuka ile njia ya getini aliweza, polepole na fimbo yake, lakini kuzunguka barabarani hawezi kabisa. Pikipiki hataki hata kuisikia. Anasema hakuishi miaka yote hii ili abebwe kama gunia. Kwa hiyo tangu geti lifungwe hakuwa amekanyaga nyumbani kwa kitinda mimba wake. Asubuhi alikuwa akienda kusimama kwenye uzio, anaangalia moshi wa jiko la huko chini, kisha anarudi kwenye kigoda chake.

Nilimwambia wakati mmoja kwamba baba mdogo anaweza kuletewa ujumbe aje azungumze naye hapo kwenye uzio, hata chai tuwapitishie juu ya nyaya. Akaniangalia kwa huruma, kama ninayehitaji kuelezwa vitu vidogo. Akasema hataki chai ya uzio. Anataka kunywa chai ndani ya nyumba ya mwanawe, ameketi, kabla hajafa. Hakuwa akilia. Alisema jinsi anavyosema chumvi imeisha.

Mama alijaribu kumsemesha baba. Mchungaji alijaribu, kwa mbali. Mimi nilijaribu nikafokewa mpaka nikapanda gari nirudi mjini na njaa yangu. Kogo peke yake ndiye hakusema kitu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mama haombi ruhusa ya kwenda kwa mtoto wake.

Mambo yalikuwa hivyo alipokuja kijana mmoja wa Pioneer. Ni jirani yangu. Kazi yake ni pikipiki, na akipata nafasi anatengeneza vichekesho na wenzake na kuviweka kwenye simu. Familia yao ilitoka mkoa wa Kati zamani, wana duka, na yeye amezaliwa pale pale mtaani, anajua Eldoret kuliko mimi. Alikuja kibandani kutaka nimshonee koti bovu la mzee tajiri. Akaniambia hadithi yake. Kuna mzee mchoyo anayewanyima watu kila kitu, siku moja anaangukia kwenye josho, anaokolewa na wale wale aliowanyima, na anabadilika. Alikuwa bado hajampata wa kuigiza. Nilicheka hadi nikajidunga sindano. Nikamwambia koti ninalo na mzee ninaye.

Nilimpeleka Ziwa siku ya soko. Tulimkuta baba kwenye benchi la nje ya duka, mfuko wake wa mbegu umeketi kando yake, na mama mmoja mwenye mzigo amesimama. Kijana alimtazama kama mtu aliyemwona ng'ombe wake aliyepotea anarudi mwenyewe. Akanong'ona, "Huyo huyo. Usimguse."

Nilitegemea baba akatae. Alikubali kabla kijana hajamaliza. Alisikiliza hadithi yote akitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema huyo mtu ni mbaya sana, na kwamba watu wa namna hiyo wapo hata hapa hapa Ziwa. Akaahidi kumwonyesha vizuri. Baadaye, tukiwa peke yetu, alinieleza kwamba ameshapata mtu wa kumwiga. Akaelekeza kidevu chini, upande wa mto, kwa mdogo wake. Nilimezea. Kuna vitu ukivicheka wakati huo hutapewa tena nafasi ya kuviona.

Vijana walikuja wiki iliyofuata. Walipoliona geti letu na mnyororo wake walishangilia kana kwamba tumewatengenezea. Katika hadithi yao ya kwanza mzee alikuwa amewanyima watu kisima. Wakabadilisha papo hapo, ikawa amefunga njia. Kijana akaniambia, "Hiyo geti ina stori yake, naona." Mama alikuwa karibu, naye akainama ghafla kuchochea moto ambao haukuwa umezimika.

Asubuhi yote walipiga picha za uchoyo. Baba hakuhitaji kufundishwa. Walimwambia awanyime watu maji, akawanyima, kisha akaongeza kwa akili yake kuwauliza wana kiu kwa nini na walikuwa wapi mvua iliponyesha. Vijana walijiziba midomo. Baada ya hapo wakaenda kwenye lile josho la zamani lisilotumika, ambalo walikuwa wamelijaza maji ya mto, na hapo ndipo nilipokabidhiwa koti. Alianguka vizuri. Alitoka akitema maji na kofia bado iko kichwani.

Kisha wakafika mahali pa kubadilika, na kazi ikasimama.

Kijana alimweleza kwa adabu. "Mzee, uko fiti sana. Sasa ukitoka kwa maji unapiga magoti, unalia kidogo, unasema umebadilika. Halafu unakimbia unafungua geti."

Baba alikuwa anajipangusa masikio. Akasema hapana.

Kijana akasema ni komedi, lazima mtu abadilike, watazamaji wanataka wamalize wakiwa na furaha. Baba akamjibu maneno ambayo siku hizi wale vijana wanayarudia mpaka mjini: "Mtu akianguka majini anatoka amelowa. Hatoki amebadilika." Kijana akajaribu tena, akasema mzee huyo ameona kifo karibu. Baba akasema yeye ameona kifo karibu mara nyingi, hata gari la mahindi limewahi kumbingirikia, na akarudi nyumbani vile vile. Halafu akauliza, bila ubishi, akitaka kweli kujua, "Sasa huyo mtu kesho yake asubuhi anafanya nini?"

Mimi nilikaa pale na koti mapajani, nikashangaa kujikuta nakubaliana na baba, jambo ambalo silifanyi ovyo. Nimetazama filamu nyingi za namna ile, kwa sababu kwenye kibanda changu kuna televisheni ndogo inayonipigia kelele siku nzima nikishona. Zote ni moja. Kuna mtu mchoyo au mwenye majivuno, tunamcheka kwa saa nzima na kumpenda kidogo, maana mchoyo wa filamu huwa na ulimi mtamu. Halafu kinamwangukia kitu, au anaota ndoto mbaya, na anaamka akigawa vitu barabarani huku anacheka na watoto wanamfuata. Muziki unapigwa. Hapo inaisha, na najua kwa nini inaisha hapo. Mwenye filamu anaogopa kesho yake asubuhi. Anaogopa kumwonyesha yule mtu akiamka, anauangalia mfuko wake mtupu, na watu wale wale wamepiga foleni mlangoni. Mimi huwa nakasirika na kuzima. Sitaki kuambiwa kwamba mtu hubadilika kama anavyobadili shati. Ningeonyeshwa tu mchoyo mmoja akipoteza kitu kimoja kidogo alichokipenda, tena bila kupenda, ningetosheka.

Basi wakakubaliana. Hakuna kupiga magoti, hakuna kulia. Mzee atafungua geti tu, jirani aliyemfungia njia atapanda, na watakunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kibuyu kimoja.

Hiyo mursik ilitoka kwa kijana mwenyewe. Alikuwa ameona wakimbiaji wakishuka uwanja wa ndege na medali shingoni, wanapewa kibuyu, wananywa, akaona itapendeza kwenye picha. Hakujua uzito wake kwetu, na simlaumu. Kwetu waliokosana wakinywa kibuyu kimoja mbele ya mkubwa wao, maneno yamekwisha. Anayeyafufua anajitafutia mabaya. Sisi tuliojua tulikuwa wengi hapo, na hakuna aliyefungua mdomo. Tulidhani ni filamu, kwa hiyo haihesabiki. Mama akatoa kibuyu cha kogo, kile kizuri chenye shanga shingoni, na kogo mwenyewe akaketi kwenye kigoda karibu na geti aone wanachofanya.

Aliyekuwa aigize jirani ni kijana wa mjini. Alionja mursik, akakunja uso wote, akageuka kando kutaka kutema. Mama akampokonya kibuyu. Akasema maziwa yake hayatemwi chini na mtu yeyote, awe na kamera asiwe nayo.

Yule kijana wa Pioneer, mwongozaji wao, akatazama huku na huku. Ng'ambo ya geti alikuwepo mtu amesimama, amevaa gambuti, nyundo mkononi. Alikuwa pale tangu asubuhi anarekebisha uzio usiokuwa na kasoro. Kijana hakumjua. Akamwita, akamuuliza kwa heshima, "Mzee, unaweza kuja utusaidie hapa kidogo? Ni kunywa maziwa tu."

Alikuwa ni baba mdogo.

Mama alishika mdomo. Mimi nililitazama lile koti kama ndilo limeuliza. Baba aliangalia juu, akaangalia kamera, na najua kilichokuwa kinapigana ndani yake: hakutaka kumwona mdogo wake, lakini alitaka kumaliza filamu. Alishaona kwenye kioo cha kamera jinsi uso wake unavyojaa pale. Mwishowe akasema, si kwa mdogo wake bali kwa kijana, "Akuje. Si ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo, nitakuja," baba mdogo akajibu, naye akimwambia kijana.

Baba akatoa ufunguo shingoni. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, halikufunguka, na kwenye filamu utaniona naingia mbio na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani ninayotembea nayo kwenye mkoba. Hilo nalo watu wanadhani lilipangwa. Geti likasukumwa, likakwama kwenye nyasi zilizokuwa zimeota chini yake, wakalivuta wote wawili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, bila kutazamana. Baba alikunywa kwanza. Alikunywa kwa muda mrefu, akachukua mafuta yote ya juu, kama kawaida yake. Baba mdogo akapokea kibuyu, akakitazama, akanywa.

Hapo kogo akasimama. Hakuna aliyemwita. Aling'oa nyasi mbichi kando ya nguzo, akazichovya kwenye maziwa, akawarushia matone kichwani, huyu kisha huyu, akisema maneno machache ya lugha yetu ambayo mara ya mwisho nilikuwa nimeyasikia kwenye harusi. Baba alivua kofia. Aliyevua kofia si mzee wa kwenye filamu. Niliona mkono wake ulivyopanda wenyewe.

Kijana alifurahi kupita kiasi. Lakini pikipiki yenye redio ilikuwa imepita barabarani wakati ule ule, ikaharibu sauti, akaniomba nimwambie kogo arudie pale kwenye nyasi tu. Nikamtafsiria kogo. Akajibu kwa kifupi.

"Anasema hairudiwi," nikamwambia kijana.

"Ni hapo kidogo tu, si yote."

Sikumuuliza kogo tena. Alikuwa ameshakichukua kibuyu chake, anakifuta mdomo kwa leso, anarudi zake nyumbani. Ndiyo maana kwenye filamu, katikati ya baraka, kuna mtu anaimba kuhusu mapenzi.

Filamu yao inaisha na watu wanacheza getini. Tulicheza kweli, hata mama alicheza. Wakapakia vitu vyao, wakaondoka. Baba mdogo akashuka kwake. Baba alilirudisha geti nyuma yake, lakini mnyororo akauacha unaning'inia, nadhani kwa sababu watu walikuwa bado wanaangalia. Mimi nililala hapo nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilitoka na kikombe changu nikamwona baba anaelekea getini. Mnyororo na kufuli mkononi, thamosi kwapani. Lakini kogo alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, fimbo imelala magotini, na kigoda chake alikuwa amekiweka pale pale geti linapokutana na nguzo. Huwezi kulifunga bila kumfungia yeye katikati.

Waliongea kwa lugha yetu. Baba alimwomba asogee kidogo afunge.

"Unafunga nini?"

Baba akamweleza, kwa uvumilivu wa mtu mwenye haraka, kwamba ya jana ilikuwa filamu. Watu wanaigiza. Haikuwa kweli. Kogo akasikiliza, akauliza kama geti nalo liliigizwa kufunguliwa. Baba akasema ndiyo. Na mdogo wako, aliigiza kuja? Ndiyo, mama. Kogo akaangalia fimbo yake.

"Na maziwa? Uliyameza, ama uliigiza kuyameza?"

Nilikuwa naijua shingo ya baba tangu utoto, na ile shingo ilikuwa na hasira. Hakupiga magoti. Chozi halikumtoka. Aligeuka akaniangalia mimi, akasema nilimtega, mimi na yule mtoto wa pikipiki, na mimi nikaangalia chai yangu. Akazungumzia kabeji. Akazungumzia ndama, ambaye sasa ni ng'ombe mkubwa na ana ndama wake, akasema akimwona bomani atamla na pembe zake. Halafu akautupa mnyororo juu ya nguzo, ukabamiza mbao, na akasema, "Haya, nenda basi."

Kogo akasimama, akanipa kigoda chake nikirudishe, akapita.

Njia ilikuwa imeharibika. Magugu yalikuwa yamefunika nusu yake, na mvua zilikuwa zimechimba mitaro pale kogo alipozoea kukanyaga. Alishuka hatua kwa hatua kati ya mahindi. Nilimfuata kwa nyuma, lakini akaniashiria kwa fimbo nibaki. Nadhani alitaka kufika mwenyewe. Kabla hajaenda mbali akasimama, akaegemea fimbo kwa mikono yote miwili. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka. Mbele kulikuwa bado mbali. Nyuma pia.

Nilipogeuka kusema nampelekea kigoda, baba hakuwepo tena. Nikasikia vitu vikisogezwa barazani. Nilidhani amekwenda kununa. Akatoka na kiti chake begani, mto umebanwa kwenye meno, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na thamosi. Alinipita bila kunitazama. Akapita getini, na hapo nikakumbuka kwamba tangu alifunge hata yeye mwenyewe hakuwa amepita. Akashuka hadi pale alipokuwa mama yake, akakiweka kiti katikati ya njia, akakitingisha kuona kama kimekaa sawa, akaweka mto.

"Keti," akasema.

Kogo alikitazama kiti. Hata yeye, mama yake, hakuwa amewahi kukikalia. Kisha akageuka polepole, akaketi, akaweka mikono yake yote miwili kwenye mikono ya kiti na kuikandakanda kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Baba akasimama kando, akafungua thamosi, akajimiminia chai yake, akanywa. Hakumpa. Nilicheka kwa sauti peke yangu pale getini, machozi yananitoka, na sikujali nani ananiona. Ila labda alikuwa sahihi hata hapo, maana chai kogo alikuwa anakwenda kuinywa kwingine.

Baba mdogo alikuwa ameshatuona kutoka chini. Alikuja kati ya mahindi na gambuti zake, hakukimbia, lakini alitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Wale ndugu wakasalimiana kwa kichwa. Akamshika mama yake kwapa, akamwinua, wakaendelea kushuka, na sikuondoa macho mpaka kile kitambaa cha kanisani kilipoingia mlangoni.

Baba akapanda kurudi mikono mitupu, thamosi kwapani. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Sugoi. Nikamwambia mvua inakuja, ile mbao itaharibika, niteremke nikirudishe kiti barazani?

Alikuwa ameshanipita. Alijibu bila kugeuka, kwa ukali, kama ninayeuliza vitu vya wazi.

"Kiache hapo. Akirudi atapumzikia wapi?"